Mtaa wa Tabora, Brussels

Mjomba,

Naamini barua hii inakukuta umekaa chini ya mwembe wako. Huku ni Novemba, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Siku moja nilikuwa nakimbia mvua nyuma ya jengo la zamani la soko la hisa, nikainua macho kwenye kibao cha mtaa: Rue de Tabora. Nikasimama palepale, nikaloa. Mtaa wenyewe mfupi, una kilabu cha bia na ubavu wa kanisa, na mwembe hata wa dawa hakuna.

Jina hilo Wabelgiji walilibeba kutoka kwetu kwa bunduki. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, waliokuwa chini ya maafisa wa Kibelgiji, waliingia Tabora baada ya kuwafurusha Wajerumani. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni akawa Tombeur de Tabora. Ana mnara wake Saint-Gilles. Yaani mtu kauvaa mji wetu kama koti, na watu wa mtaa wa Ng'ambo hawakuulizwa!

Tangu siku hiyo, nikipata nafasi nakwenda kutazama mawe. Mji huu unajua kukumbuka, mjomba. Askari asiyejulikana walimzika hapa tarehe 11 Novemba 1922. Yalipangwa majeneza matano, na aliyechagua moja alikuwa askari aliyepofuka vitani. Moto wake unawaka usiku na mchana. Karibu na soko la zamani la samaki kuna mnara wa mwaka 1931 wa njiwa waliopeleka barua za vita. Njiwa, mjomba! Nilicheka peke yangu, kisha nikasoma kwamba wafugaji wao waliokufa kwa ajili ya nchi nao wamo.

Kicheko kilinikauka Schaerbeek. Pale palikuwa na uwanja wa shabaha, na Wajerumani wakapageuza mahali pa kuulia watu katika vita vyote viwili vya dunia. Edith Cavell, muuguzi wa Kiingereza aliyewatorosha askari, alipigwa risasi hapo Oktoba 1915. Gabrielle Petit, jasusi wa miaka 23, akafuata Aprili 1916. Leo ni makaburi yaliyopangwa mistari, nyasi zimekatwa vizuri, kimya. Nilitembea taratibu nikisoma jina baada ya jina, mpaka mlinzi akanionyesha saa yake.

Schaerbeek hiyohiyo, Square Riga, lipo jiwe la mwaka 1970 kwa askari wa vita vya Afrika. Angalau. Lakini bunduki zilizofika Tabora hazikutembea zenyewe. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walizibeba, na chakula, na risasi, na wengi wakafa kwa kuhara na kwa njaa. Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa yaleyale. Nawe unajua Wanyamwezi walivyosifiwa kwa mabega.

Bibi alikuwa akisema kwamba babu yake alikamatwa sokoni, akabebeshwa mzigo wa Wajerumani walipokimbia, hakurudi. Jina lake nani? Niandikie kabla hujalisahau. Na kama alikuwa wa mtaa wa Gongoni au wa Ng'ambo, niambie pia, maana Bibi na dada yake walikuwa wakibishana hilo kila Iddi.

Mpwa wako,
Brussels