Kifurushi kidogo kilichoninyima usingizi

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na wengine mmeniuliza kulikoni. Kulikuwa na kazi, na kazi yenyewe niliiharibu mwenyewe, kwa hivyo afadhali niwasimulie.

Nina mteja, shirika dogo linalotoa basari kwa wanafunzi wanaoingia sekondari. Mzazi anajaza fomu, anaipakia kwenye mfumo nilioandika kwa Python, halafu kamati inaisoma. Mfumo ulikuwa kwenye seva ya Debian, na miaka yote haukunisumbua. Mwezi uliopita nikaamua kuuhamishia ndani ya kontena. Nikaanza na ile Debian iliyopunguzwa uzito, nikakompaili Python mwenyewe juu yake, nikajipongeza kwa wepesi wake. Jumatatu nikauwasha. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa Ijumaa.

Jumatano jioni karani wao akanipigia: "Kaka, kuna wazazi wanasema fomu zao zinakataliwa." Nikapakia fomu moja kwenye kipakatalishi changu, ikapita. Nikamjibu (naona aibu hata kuandika) kwamba pengine ni wazazi ambao hawajazoea kompyuta. Alhamisi asubuhi akanipigia tena. Kuna mama aliyekuwa amelipia saiba mara mbili, kuchapa na kutuma, na mara zote mbili mfumo wangu ukamwambia "aina ya faili haikubaliki".

Hapo ndipo nilipofungua logu. Fomu 43 zimekataliwa, zote .docx. Za .pdf na .jpg zimepita. Cha ajabu, hata za .doc, ule muundo wa zamani wa kabla ya Office 2007, zimepita! Nikakuna kichwa karibu saa nzima.

Nieleze kidogo. Kila aina ya faili ina jina lake rasmi, kama application/pdf. Utaratibu huu ulianzia kwenye barua pepe, Borenstein na Freed walipouandika mwaka 1992 ili watu waweze kutumiana picha na sauti. Kwenye Debian, orodha inayounganisha herufi za mwishoni mwa jina la faili na aina yake iko kwenye /etc/mime.types. Zamani ililetwa na kifurushi kiitwacho mime-support. Tangu Debian 11 ya mwaka 2021 kimegawanywa viwili: media-types kinaleta orodha, na mailcap kinashughulikia programu ipi ifungue faili gani.

Sasa Python ina orodha yake ndogo ya ndani, na ikikuta /etc/mime.types inaongezea humo. Orodha ya ndani ya toleo nililotumia ina .doc na .pdf. Haina .docx! Ukisakinisha Python kwa apt, media-types kinakuja nayo bila wewe kujua. Ukikompaili mwenyewe, hakuna anayekuletea. Ndani ya kontena nikauliza mimetypes.guess_type kuhusu fomu.docx, nikajibiwa None. Kwenye kipakatalishi changu, jibu sahihi. Ndiyo maana nilimwona karani kama anayeota.

Tiba ilikuwa mstari mmoja: apt-get install media-types. Nikajenga kontena upya, dakika sita.

Lakini apt haipigii wazazi simu. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati asogeze siku ya mwisho hadi Jumapili. Alikubali, baada ya kunipa maneno yangu. Mimi na karani tukagawana namba, nikapiga 22. Wengi walikuwa wapole kuliko nilivyostahili. Baba mmoja alidhani kukataliwa kwa faili ndiko kukataliwa kwa mtoto, na alikuwa ameshamwambia kijana hivyo. Yule mama wa saiba nilimtumia pesa zake mwenyewe, hakutaka kuzipokea, nikazituma hata hivyo.

Jambo jingine, kwa mnaotunza seva. Usiongeze aina zako moja kwa moja ndani ya /etc/mime.types. Ni faili la mipangilio la kifurushi, na toleo jipya likija na mabadiliko, dpkg itakuuliza ubaki na lako au uchukue lao. Ukichukua lao, yako yamekwenda. Kwenye Apache weka AddType katika mipangilio ya tovuti yako. Kwenye Python tumia mimetypes.add_type, ibaki kwenye msimbo ambako kila mtu anaiona. Nginx nayo ina orodha yake pembeni, /etc/nginx/mime.types, haisomi ile ya mfumo.

Na jina la faili si ushahidi wa kilichomo. Sasa nasoma pia baiti za mwanzo: docx ni zip kwa ndani, huanza na PK. Wiki hii imeshanasa picha mbili zilizobatizwa .docx. Safari hii nilimwandikia mzazi ujumbe kabla ya mfumo kumkataa.

Kati ya wale 43, 40 walituma upya. Wawili walikuwa wameshapata msaada kwingine. Mmoja simu yake haipatikani, na karani bado anaijaribu kila asubuhi.