Hela ya Kodi Imeliwa Ufini

Msomaji wangu, leo sina utani. Mwezi Juni, ligi ya Uingereza ikiwa imefungwa na vijana wa kijiweni tumekaa kama yatima, nilikuta mechi za Ufini kwenye kibanda cha kubeti. Kule ligi inaanza Aprili na kuchezwa kiangazi chote, maana baridi ikibana ni theluji tupu. Nikasema hapa hapa! Nikaweka elfu hamsini, hela ya kodi aliyonipa dada nimpelekee mama mwenye nyumba. Timu moja tu ikatoka sare. Mkeka ukachanika.

Nyumbani nikadanganya nimeibiwa kwenye daladala. Dada akanipa pole, akanichemshia na chai.

Usingizi ukagoma. Nikaanza kuisoma ligi iliyonila. Kumbe si ya juzi, jamani! Ubingwa wa Ufini ulianza 1908 kwa mtindo wa mtoano, na ligi yenyewe, Mestaruussarja, ikaanza 1930. HJK ya Helsinki ndio baba lao, mataji zaidi ya 30. Mwaka 1998 waliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya wakaichapa Benfica 2-0. Jari Litmanen, yule wa Ajax, alipitia HJK kabla ya kwenda Uholanzi, akarudi uzeeni kuchukua nao ubingwa 2011.

Sasa sikia hii. Mwaka 1992 ligi ikapewa jina la Veikkausliiga, kutokana na mdhamini wake Veikkaus, kampuni ya serikali ya michezo ya kubahatisha. Neno lenyewe maana yake ni kubeti! Yaani jina lilishanionya, mimi nikalisoma kama mapambo.

Na kamari imewatafuna hata wenyewe. Mwaka 2005 Haka waliifunga Allianssi 8-0, watu wakashika vichwa, minong'ono ya mechi kuuzwa ikazagaa. Mwaka 2011 mahakama mjini Rovaniemi ikamfunga Wilson Raj Perumal wa Singapore kwa kuhonga wachezaji ili kupanga matokeo. Kama waliokaa jukwaani waliingizwa mjini, mimi wa Manzese, nisiyemjua hata kipa wao, nilikuwa najua nini?

Mpira wa Ufini hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Dada, najua ukurasa huu huukosi. Sikuibiwa. Malipo ya makala hii yakitoka nakuletea yote, hata nauli sikati. Ila chai ile, dada, bado imenikwama kooni.