Kichwa Kikiuma, Usingoje Jumapili

Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Kama uko sokoni, uweke, usome jioni ukiwa umetulia.

Maombi yanayokuja kwa wingi kwenye simu yangu siku hizi si ya kazi wala ya ndoa. Ni ya kichwa. "Pasta, niombee, kichwa kinanipasua." Kwa Dholuo tunasema wich bar, kichwa kupasuka kama mtu anavyopasua kuni, na aliyetunga neno hilo bila shaka alikuwa anaumwa kweli. Nitakuombea, hilo halina mjadala. Lakini kabla sijafumba macho nitakuuliza maswali, na leo nataka uyajue ili uweze kujiuliza mwenyewe.

Umekunywa maji? Umekula? Umelala? Usicheke. Eliya alipomkimbia Yezebeli akalala chini ya mti akitamani kufa, Mungu hakuanza na unabii. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Na wewe umepalilia mahindi tangu alfajiri mpaka saa saba, jua la Kochia limekupiga utosini, maji umeyaacha nyumbani, halafu jioni unaniambia kuna mtu ametuma kitu kwenye boma lako. Kaa kivulini. Kunywa maji polepole, vikombe viwili vitatu. Kula, ulale. Mara nyingi baada ya saa chache huyo aliyetuma kitu atakuwa ameenda zake.

Tukifunga pia, siku ya pili simu zinaanza: "Pasta, vita vimekuwa vikali, kichwa kinataka kupasuka." Mpendwa, wewe hunywa chai vikombe vinne kila siku. Majani ya chai yana kafeini, kama kahawa, na mwili ulioizoea ukinyimwa ghafla huanza kulalamika kati ya saa 12 na saa 24, huzidi siku ya pili, na unaweza kuendelea karibu wiki nzima. Kabla hujakemea chochote, kumbuka chai. Wiki moja kabla ya mfungo punguza kikombe kimoja kimoja, na ukifunga chakula usifunge maji. Mama mjamzito, mwenye sukari, na yeyote anayemeza dawa kila siku, muulize daktari kwanza. Unaweza kufunga simu badala yake, ingawa najua kwa wengine wetu hiyo ni ngumu kuliko ugali.

Kuna kichwa kingine kinachosingiziwa mapepo sana. Kinapiga upande mmoja kama ngoma, mwanga unakuudhi, kelele inakuudhi, unataka kutapika, na wengine huona vimulimuli kabla hakijaanza. Kiswahili kina jina lake, kipandauso. Hutembea katika familia, na huwapata akina mama zaidi, wengi wao karibu na siku zao za mwezi. Dada wa namna hii tukimweka katikati ya kanisa, tukapiga kelele juu yake na spika zetu, tunamtesa. Mpeleke kwenye chumba chenye giza na utulivu, ameze dawa ya maumivu mapema kinapoanza tu, alale. Kikirudi kila mwezi, amwone daktari, kwa sababu zipo dawa za kukizuia. Kile kingine, kinachobana kichwa chote kama leso iliyofungwa kwa nguvu, mara nyingi ni karo, deni la matanga na shingo iliyochoka. Hapo nakushauri ukae na mtu uongee, ukandwe shingo kwa kitambaa cha maji moto, na usiku uiweke simu mbali.

Nasema neno juu ya vidonge vya dukani. Paracetamol ni dawa nzuri. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na asichanganye majina matatu tofauti ambayo pengine ndani yake ni dawa ile ile. Aspirini usimpe mtoto. Na kama unameza dawa ya kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuletea kichwa. Unaamka kinauma, unameza, kinanyamaza, kesho kinadai tena. Wapo wanaoishi hivyo miaka mingi wakidhani wamerogwa. Zungumza na daktari akusaidie kuziacha.

Sasa malaria. Hapa kwetu, kichwa kikija na homa, baridi ya kutetemeka na viungo kuuma, chukulia ni malaria mpaka kipimo kiseme siyo. Chanjo ya malaria ya watoto ilipozinduliwa Kenya mnamo Septemba 2019, sherehe haikufanyiwa Nairobi. Ilifanyiwa Ndhiwa, hapa jirani. Walijua mbu wako wapi. Kipimo ni tone la damu na majibu hutoka kwa dakika chache, na wahudumu wengi wa afya ya jamii vijijini mwetu wanacho. Ukipewa AL, mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, pamoja na chakula. Tatizo letu ni siku ya pili. Kichwa kimetulia, mtu anaona amepona, vidonge vilivyobaki vinaingia kwenye kopo vingoje mgonjwa mwingine. Maliza vyote. Wala usinunue AL kwa kukisia, kwa sababu ugonjwa mwingine mbaya unaweza kuwa umejificha nyuma ya homa hiyo.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Mtoto wa yule mwanamke wa Shunemu alikwenda kwa baba yake shambani wakati wa mavuno, akamlilia kichwa. Baba alikuwa na wavunaji wa kusimamia, akamwagiza mtumishi ampeleke kwa mama. Mtoto akapakatwa magotini mpaka adhuhuri, akafa. Ugonjwa hautajwi. Wengi wamedhani ni jua. Mimi humtazama yule mama. Aliomba punda, na mumewe akashangaa kwa nini aende kwa mtu wa Mungu siku ambayo si mwezi mpya wala sabato, yaani si siku ya ibada. Mama hakubishana naye. Alipanda, akamwambia mtumishi asipunguze mwendo.

Sisi kichwa kinaanza Jumanne, tunasema tutaombewa Jumapili. Kuna vichwa ambavyo havina siku tano za kungoja.

Mama mjamzito, mimba ikipita miezi mitano, kichwa kikali pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu juu ya tumbo, hiyo inaweza kuwa njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Kinaua mama na mtoto. Usije kanisani, nenda hospitali usiku huo huo, hata kama mama mkwe anasema ni uchovu. Hata baada ya kujifungua, wiki kadhaa za kwanza, bado kinaweza kuja.

Na wewe unayeishi na virusi, nakuandikia kwa upendo, hasa kama umeacha ARV au ulichelewa kuanza. Kichwa kinachozidi siku baada ya siku, wiki ya pili sasa, hata bila homa kali, kinaweza kuwa fangasi iliyoingia kwenye utando wa ubongo. Dawa yake ipo, lakini lazima ipatikane mapema. Mwambie daktari hali yako yote bila kuficha. Hakuna mtu kanisani mwetu mwenye ruhusa ya kukucheka.

Mengine nayasema haraka. Kichwa kilichopiga ghafla kama radi, kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Homa na shingo iliyokakamaa, kuchanganyikiwa, degedege. Mdomo kupinda, mkono kufa ganzi, maneno kukataa kutoka. Aliyeanguka na bodaboda, saa chache baadaye anatapika na kusinzia kupita kawaida. Na nyumba nzima ikiumwa kichwa pamoja huku jiko la makaa limo ndani na madirisha yamefungwa, tokeni nje wote kwanza, kisha mtafute msaada. Hewa ile haina harufu.

Bado presha. Watu hungoja kichwa kiume ndipo wapime, na presha mara nyingi haiumi popote mpaka imeharibu moyo au figo. Pima hata ukiwa mzima. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, mara zaidi ya moja, ni ya kushughulikiwa. Ikifika 180 kwa 120 na kichwa kinauma au macho yana giza, hiyo ni ya hospitali mara moja. Na wewe uliyeacha vidonge kwa sababu umeombewa na unajisikia vizuri, ushuhuda wako nitaupokea kwa furaha, lakini uje na karatasi ya kliniki. Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, wakaguliwe na wenye kazi hiyo. Anayepunguza dawa yako ni daktari, mimi sina mamlaka hayo.

Namba yangu mnayo. Ukiona dalili moja kati ya zile nilizotaja, ita pikipiki kwanza au gari la jirani, nenda hospitali ya Rangwe au Homa Bay mjini, chochote kilicho karibu. Ukishapanda, nipigie, au anayekusindikiza anipigie. Nitaomba na wewe mkiwa njiani, na mwendo usipunguzwe.