Fedha ya Kunywa

Katika Kiswahili neno fedha hubeba mizigo miwili: ni madini meupe ya vikuku na pete, tena ni mali inunuayo vikuku hivyo. Yamkini ndiyo sababu neno hili, likiandikwa juu ya chupa ya dawa, halimtishi mtu. Zebaki ingemtisha, risasi ingemtisha zaidi.

Shangazi yangu aliletewa chupa ya namna hiyo na mwanawe akaaye Marekani. Akanipa niisome, kwani katika ukoo wetu mwenye udaktari wa lugha hudhaniwa kuwa na sehemu ya udaktari wa miili. Ndani mlikuwa na maji yenye chembe ndogo mno za fedha. Karatasi yake ilisema kwamba maji hayo "husaidia kinga ya mwili". Habari za ngozi haikuzitaja.

Nilimweleza kilichonyamaziwa. Mwili hauna haja yoyote ya fedha. Inyweshwapo siku nyingi huingia damuni, ikatua katika ngozi, na mwanga wa jua huigeuza kuwa madini kamili, kama ufanyavyo katika filamu za picha. Kwa hiyo uso na mikono, viungo vitazamwavyo kwanza na watu, ndivyo hasa vinavyogeuka rangi, vikawa vya kijivu au buluu. Madaktari huiita hali hiyo argiria. Kwa kawaida haiui. Walakini mtu akiacha kunywa, rangi hubaki, ingawa miale ya leza imewapunguzia baadhi yao.

Stan Jones, aliyegombea useneta katika jimbo la Montana mwaka 2002, alianza kujitengenezea maji haya mwaka 1999, akichelea kwamba mwaka 2000 ungeleta uhaba wa dawa. Uhaba haukuja, rangi ilikuja. Simcheki. Alikuwa mtu wa hadhari, na hadhari ndiyo iliyomponza.

Mwaka huo huo wa 1999, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikata shauri kwamba dawa za fedha za namna hii, ziuzwazo bila cheti cha daktari, hazitambuliwi kuwa salama wala za kufaa. Hata hivyo chupa huuzwa kwa jina la virutubisho, ambavyo kwa sheria ya huko havingoji kibali kabla ya kufika sokoni, mradi visidai kuponya maradhi. Hapo mwalimu wa lugha huona ustadi wa kitenzi "husaidia": huahidi kila kitu, wala hakishtakiki.

"Mwanangu," shangazi akasema, "fedha nimeivaa tangu ni mwari, mbona sikugeuka?"

Nikamjibu kwamba kikuku hukaa nje ya mwili, na kwamba hata madaktari hupaka dawa yenye fedha juu ya majeraha ya moto. Hatari ninayoisema ni ya kuinywa. Akaitazama mikono yake kwa muda. Kisha akaniamuru nimwandikie mwanawe barua isiyomvunja moyo, maana kijana alinunua kwa mapenzi. Barua hiyo ilinitaabisha kuliko tasnifu yangu.