Wimbo wa Chujio

Katika maisha yangu yote nimeandika kitu kimoja tu ambacho watu wasionijua walikijua kwa moyo. Si makala, si hadithi. Ni wimbo wa kumcheka golikipa. Niliutunga nikiwa kidato cha tatu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya majivu pembeni mwa uwanja, na haukunichukua hata dakika tano.

Lakini lazima nianze na Jumamosi, maana bila Jumamosi habari hii haieleweki.

Ilikuwa mwaka 2004, Morogoro. Shule yetu ilikuwa ya bweni, wavulana watupu, na ukiinua macho kutoka paredi unaiona milima ya Uluguru imejifunika ukungu kama mgonjwa. Siku tano za wiki zilikuwa mali ya kengele: ya kuamka, ya paredi, ya bwaloni, ya kujisomea usiku. Jumamosi kengele ilipumzika. Asubuhi tulifanya usafi, mwalimu wa zamu akapita na viranja kukagua vitanda, na akishatoka bweni la mwisho, dunia inakuwa yetu.

Kuna waliokwenda mtoni kufua, wakaanika mashati meupe juu ya majani na kukaa hapo hapo kuyalinda, kwa sababu shati lisilolindwa lilikuwa halichelewi kupata mwenyewe mwingine. Kuna waliogombania pasi ya mkaa. Wenye hela walikwenda getini kwa mama wa mihogo ya kukaanga. Wasio na hela walikwenda na wenye hela. Na wenye roho ngumu waliruka ukuta kwenda banda umiza.

Kwa aliyezaliwa juzi: banda umiza ni chumba cha mabati chenye mabenchi yasiyo na pa kuegemea, watu mia, televisheni moja iliyofungiwa ndani ya nondo, na dirisha lisilofunguka ili wa nje wasione bure. Wakati ule ulikuwa unatoa shilingi 100, unatoka umelowa jasho kama uliyecheza wewe. Msimu ule wa 2003/04 tuliwashuhudia humo Arsenal wakimaliza ligi ya Uingereza bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa Thierry Henry mpaka alipoguswa na mpira.

Ila hakuna Jumamosi iliyofikia ile ya kucheza na shule ya ng'ambo ya mto.

Wao walikuwa wa kutwa, mchanganyiko, na hilo la mchanganyiko lilituuma zaidi ya tulivyokubali. Walituita Wafungwa, kwa sababu ya ukuta na maharage. Sisi tukawaita Wachuuzi, kwa sababu wengi wao wakitoka shule walikwenda sokoni kuwasaidia mama zao. Ukiangalia sasa, sisi tulikuwa tunawacheka watu kwa kufanya kazi. Lakini ukiwa na miaka kumi na sita hulioni hilo. Unaona tu kwamba neno limenoga mdomoni.

Mchezo uliitwa wa kirafiki. Urafiki haukuwemo. Mimi sikuwa mchezaji, miguu yangu haikuwa na akili hiyo. Kazi yangu ilikuwa mbili: kuchora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, na kuongoza washangiliaji. Siku ile tuliwafunga 4. Bao la tatu ndilo lililonipa riziki. Shuti lenyewe lilikuwa la kizembe, mpira umejivuta taratibu kama bibi anatoka kisimani, golikipa wao kainama vizuri kabisa, mikono kaiweka vizuri kabisa, na mpira ukapita katikati ya mikono na katikati ya miguu ukaingia. Yeye akabaki kainama hivyo hivyo, anaangalia viganja vyake.

Nikakaa juu ya ndoo. Nikaimba:

Chujio mama, chujio,
chai imepita, majani yamebaki;
chujio mama, chujio,
mpira umepita, mikono imebaki.

Basi! Upande wetu wote ukaupokea. Kufikia filimbi ya mwisho hata baadhi ya wasichana wa shule yao walikuwa wanaung'ata ndani kwa ndani ili wasionekane. Wiki ile nikausikia kwa konda wa daladala. Nikausikia kwa watoto wa shule ya msingi wanaruka kamba. Nilitembea kama mtu aliyepewa cheo. Mchezo uliofuata tulimwanza wakati anapasha misuli, kabla hata mpira haujaanza, akafungwa 2. Mchezo wa tatu golini alisimama mtu mwingine. Nikasema, tumemmaliza. Nikaihesabu kazi yangu kuwa imefanikiwa.

Miezi michache baadaye mwalimu wetu wa Kiswahili, Mngoni mmoja mtu mzima, alisimama paredi Ijumaa asubuhi. Akasema: "Watani wenu wa ng'ambo wamefiwa. Yule golikipa mliyemwita chujio amefiwa na mama yake, aliyekuwa anauza nyanya sokoni. Maziko ni kesho mchana. Nataka watu ishirini."

Kisha akatupa somo ambalo halikuwa kwenye muhtasari. Alisema sisi watoto tumelipata neno utani kwenye mpira, kwa Simba na Yanga. Yanga wa 1935 na Simba wa 1936, wameitwa watani wa jadi, na hadi leo mtu ambaye hakuwa amezaliwa atakutajia mabao 5 ya mwaka 1968 ya Yanga, na mwenzake atamjibu kwa mabao 6 ya mwaka 1977 ya Simba. Hiyo, alisema, ni nusu ya utani. Mngoni ana watani wake, Mnyamwezi ana wa kwake, Mluguru ana wa kwake. Wazee wanasema mwingine ulizaliwa vitani na mwingine njiani, kwenye misafara ya kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Lakini siku ya msiba wako mtani ndiye anashika jembe. Anafukia huku anakuchekesha, ili usizame na aliyezikwa. "Anayetania tu asizike," akasema, "huyo siyo mtani. Huyo ni adui mwenye sauti nzuri."

Niliandika jina langu la kwanza kwenye orodha ya watu ishirini.

Nitasema kweli, kwa sababu nimeamua kuiandika habari hii hadi mwisho. Niliandika jina kwa sababu ruhusa ya kutoka ni ruhusa. Kesho yake tulipita getini tukiwa na sare safi, mwalimu ametangulia. Tulipofika njia panda, kushoto ni msibani, kulia ni banda umiza, na siku hiyo kulikuwa na mchezo wa mapema. Mtu mmoja akasema tupite dakika kumi tu. Hatukuulizana tena. Tuliobelokea kulia tulikuwa kumi na wanne.

Watu wakisikia hivi husema, ah, utoto, mpira ulikunogea. Hapana. Mpira ule sikuuona. Nilikuwa nauangalia lakini nilikuwa namwona yeye ameinama, anaangalia viganja vyake. Nilikwenda kulia kwa sababu niliogopa kufika pale na yeye akanitazama. Kuimba mbele ya uso wake niliweza, nikiwa na watu mia tatu nyuma yangu. Kumpa pole kulihitaji mtu mmoja.

Mwalimu hakumchapa mtu. Jumatatu aliingia darasani, akaweka vitabu mezani, akatuangalia kwa zamu sisi tuliokuwa kwenye orodha. Akauliza: "Ngapi ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Akageuka ubaoni, akaanza kuandika.

*

Mwaka 2019 baba yangu alifariki. Alikuwa amestaafu na kujenga Morogoro, pembeni kidogo ya mji, na mimi nilikuwa nakuja mara mbili kwa mwaka kama wageni wanavyokuja. Makaburini, wanaume walipoanza kushika makoleo, alijitokeza mtu mfupi mwenye jaketi la bodaboda, akamnyang'anya binamu yangu koleo, akatupa udongo mara tatu, nne, halafu akasimama.

"Mtoto wa marehemu yuko wapi?" akauliza kwa sauti. "Leo Wafungwa mmepewa ruhusa?"

Shangazi yangu aliguna kwa hasira. Mimi miguu iliniisha nguvu. Miaka kumi na tano, na nilimjua kwa jinsi alivyosimama, mikono mbele kidogo, kama anangoja mpira.

Akapanda juu ya kifusi akakaa. Akasema hafukii tena, mtani hafanyi kazi ya bure, atoe mtoto wa marehemu. Wazee wakaelewa, wakaanza kucheka chini chini, mmoja akanisukuma: "Lipa, mtani wako huyo, atakulaza hapa." Nikatoa shilingi 5,000. Akaichukua, akaiangalia kwenye mwanga kama mtu anayeshuku noti ya bandia, akaitia mfukoni.

"Hii ya chai," akasema. "Chujio ninalo."

Nilicheka. Pale pale, juu ya kaburi la baba yangu, nilicheka mpaka nikalia, na ndiyo mara ya kwanza nililia tangu nipigiwe simu. Yeye alikuwa ameshainama, anafukia.

Jioni, watu walipopungua, nilimfuata kwenye turubai. Kumbe kijiwe chake kilikuwa mtaa wa baba. Kumbe ndiye aliyekuwa anampeleka mzee kliniki kila mwezi, na alijua zamani sana huyu ni baba wa nani; mzee alikuwa na picha yangu ya shule ukutani. Hakuwahi kumwambia. Nikaanza ile hotuba niliyokuwa nimeitunga kwa miaka kumi na tano, kuhusu wimbo, utoto na kadhalika. Akanikata.

"Wimbo ulikuwa mkali, bwana. Hata mama alikuwa anauimba akipanga nyanya, ananicheka. Golini niliacha kwa sababu mama aliugua, nikawa nakaa mezani sokoni badala yake. Wimbo haukuniondoa."

Akanyamaza, akakoroga chai.

"Ila siku ile niliangalia sana barabarani. Nilimwambia dada yangu, subiri, wale jamaa wanakuja. Wakaja sita."

Sikuwa na la kusema na yeye hakungoja niseme. Aliniuliza kama nitaondoka kesho. Nikasema keshokutwa. Akasema basi kesho asubuhi atanipitia.

Siku hizi naandika, na sehemu ya kazi hii ni kuwacheka watu: waandishi wa vitabu vibovu, wanasiasa, mashabiki wa timu ile nyingine. Sijaacha, na sidhani kama nitaacha. Maneno yakinoga mdomoni bado nayatoa. Ila kabla sijatuma hujiuliza swali la njia panda: huyu akifiwa kesho, nitapinda kushoto au kulia? Mara nyingine jibu hunifanya nifute sentensi. Mara nyingine hunifanya niiache na niweke namba ya simu ya mtu yule mahali nitakapoiona.

Asubuhi ile alinipitia saa 1. Tulikwenda kwenye kaburi la mama yake, tukang'oa majani, hatukuongea sana. Wakati wa kurudi alinitoza nauli mara mbili, akasema moja ya leo, nyingine ya mwaka 2004.

Nikalipa zote.