Moto wa Mkaa Haufiki kwenye Protoni

Hapa chuoni ukimuuliza mtu yeyote wa sayansi tofauti ya protoni na elektroni, atakujibu kabla hujamaliza swali: protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi. Basi. Jibu hilo limo kwenye madesa yote tunayorithishana na linatosha kabisa kukuepusha na sapu. Tatizo ni kwamba linawafanya hao wawili waonekane kama mapacha waliovaa fulana za rangi tofauti. Ukweli ni kwamba ndani ya atomi moja wanaishi maisha yasiyofanana hata kidogo. Na kwangu mimi hilo si suala la mtihani tu, maana kwetu ni Geita, na mjomba wangu anachoma zebaki.

Nianze na uzito. Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1,836 hivi. Namba hii huwa tunaipita haraka tukikimbilia kujaza 2, 8, 1, lakini ndiyo inayoamua nani akae wapi. Mwaka 1927 Heisenberg alionyesha kwamba kitu kidogo ukikibana mahali padogo hakitulii, kinazidi kuhangaika. Na kadiri kilivyo chepesi ndivyo kinavyohangaika kwa kasi zaidi. Protoni inabanika. Elektroni, kwa wepesi wake, haibaniki ndani ya kiini. Kwa hiyo inavutwa kuelekea kiini muda wote, lakini haikai humo. Mtoto wa kidato cha pili mwenye akili huuliza: kama hasi na chanya huvutana, mbona elektroni haidondoki? Ni swali zuri sana. Rutherford alipogundua kiini mwaka 1911 lilikuwa swali hilohilo, kwa sababu kwa fizikia ya siku zile elektroni ilitakiwa idondoke kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bohr akaja na njia zake za duara mwaka 1913, na hadi leo ndizo tunazochora ubaoni, wakati tangu Schrödinger mwaka 1926 elektroni inaelezwa kama wingu la mahali inapoweza kupatikana, si sayari kwenye barabara yake.

Na wingu lenyewe ni kubwa. Chukua atomi ya hidrojeni, uikuze mpaka protoni yake iwe gololi ya sentimita moja na nusu. Wingu la elektroni litakuwa na upana wa karibu kilomita moja. Gololi iko mlangoni mwa bweni, elektroni iko popote kati ya hapo na stendi ya daladala. Tena usidhani protoni zimekaa kama machungwa kwenye kapu, vile vitabu vinavyochora. Ndani ya kiini kikubwa huenda hadi robo hivi ya kasi ya mwanga. Ni kwamba tu hazitoki. Zinasukumana kwa umeme, zote chanya, lakini zinashikwa na nguvu kubwa ya kinyuklia, ambayo zikikaribiana inaushinda msukumo wa umeme na zikiachana kidogo tu inakwisha kabisa.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kung'oa elektroni moja ya nje kwenye atomi ya zebaki kunahitaji nishati ya elektronivolti 10 na ushee. Kung'oa protoni moja kwenye kiini hichohicho kunahitaji mamilioni. Moto wa mkaa unaipa kila atomi kama sehemu moja ya kumi ya elektronivolti. Yaani moto unaweza kupanga upya elektroni za nje, ambazo tayari zimelegea na zinashirikiana na majirani. Kuhusu protoni, moto hata haujui kama zipo.

Kupika, kutu ya bati, betri ya simu, chakula tumboni, zote hizo ni biashara za elektroni. Sodiamu ikiwa metali, ukiitupa kwenye maji inalipuka. Ikishapoteza elektroni moja tu, ndiyo hiyo iliyomo kwenye chumvi ya kachumbari. Protoni zake ni 11 kabla na 11 baadaye. Ingepoteza protoni badala ya elektroni isingekuwa sodiamu tena, ingekuwa neoni, gesi isiyo na habari na mtu.

Turudi Geita. Kwenye jedwali la elementi, dhahabu na zebaki ni majirani wa ukuta mmoja: dhahabu protoni 79, zebaki 80. Tofauti ni protoni moja, lakini tazama inavyowafanyia elektroni zao. Kwenye atomi nzito kama hizi elektroni za ndani kabisa hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na kwa kasi hiyo mambo ya Einstein yanaanza kuonekana kwa macho. Wingu linajikunja karibu zaidi na kiini. Kwa dhahabu, matokeo yake ni kumeza mwanga wa bluu na kuturudishia ile njano inayowatoa watu makwao. Kwa zebaki, elektroni mbili za nje zinashikwa kwa nguvu kiasi kwamba hazitaki kushirikiana sana na atomi nyingine, na ndiyo maana zebaki ni kimiminika kwenye kiganja. Dhahabu inahitaji nyuzi 1,064 za Selsiasi ili iyeyuke. Zebaki inaganda ikifika nyuzi 39 chini ya sifuri. Kusema kweli, hakuna kitu nimesoma tangu mwaka wa kwanza kilichonishangaza kama hiki.

Mchimbaji mdogo anautumia ujirani huo bila kuuliza Einstein. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inamwagwa ndani ya beseni na kukandwa kwa mikono mitupu. Inakamata chembe za dhahabu, wanakamuliana kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge kinawekwa kwenye mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo inaondoka na dhahabu inabaki. Wanaosimama karibu ni wote: mchomaji, mnunuzi, mama anayeuza uji, mtoto mgongoni.

Mjomba alikuwa ananiambia, "Ikishaungua imekwisha, mjomba. Kama mafuta ya taa tu." Na hoja yake si ya kijinga. Mafuta ya taa ni kaboni na hidrojeni zilizoshikana kwa elektroni. Moto unauvunja ule mpangilio, na mafuta kweli hayapo tena. Sumu nyingi nazo ni mpangilio, ukichoma unavunjika. Lakini zebaki si mpangilio wa vitu viwili vitatu. Ni elementi, na ubaya wake umo kwenye zile protoni 80. Moshi ule ni atomi za zebaki zilezile, zimepanda tu hewani. Zinaingia mapafuni, zinakwenda kwenye ubongo na figo, mikono inaanza kutetemeka. Zilizobaki zinatua kwenye paa, kwenye bustani, kwenye mto.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga majini zebaki iliyoungana na kaboni. Watu walikula samaki wa ghuba ile, na ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Elektroni zilikuwa zimepangwa vingine, hata jina la kemikali lilikuwa lingine. Protoni zilikuwa 80.

Likizo iliyopita nilimchorea mjomba chini kwa kijiti. Sikuchora atomi. Nilichora chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba lililotoka juu likainama mpaka kwenye ndoo ya maji. Kidonge kinakaa ndani ya chungu, moto chini. Moshi unapita kwenye bomba lililofungwa vitambaa vya maji ya baridi, na upande wa pili zebaki inadondoka tone kwa tone, ileile, tayari kutumika tena kesho. Nikamwambia, ingekuwa imeungua isingerudi.

Aliutazama mchoro kwa muda. Zebaki wanauziwa kwa vijiko na bei yake anaijua vizuri kuliko mimi. Kisha akauliza bomba hilo linatakiwa liwe na urefu gani, na kama fundi wa kuchomelea pale senta anaweza kulikunja.