Mafuta ya Eropleni na Shamba la Mama

Hapa kwetu Mibirizi twazisikia eropleni zikienda kushuka Kamembe, nami nilidhani zote hunywa mafuta ya kuchimbwa ardhini tu, ndugu wa mafuta ya taa. Kumbe sivyo. Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka toka Nairobi hadi Amsterdam, na mafuta yake yalichanganywa na mengine mapya ya kampuni ya Eni ya Italia. Mafuta ya namna hiyo hutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, mafuta ya wanyama, au mbegu kama mbarika. Injini haibadilishwi, mradi mapya yasizidi nusu. Ila bei yake ni kali, mara mbili na zaidi.

Basi likizo ile nikamwambia mama, “Mama, tung’oe mihogo tupande mbarika.”

Akaweka jembe chini. “Na wewe utakula nini, mwanangu?”

Nikanyamaza. Kahawa ya Rwanda ilianzia hapa misheni, yapata mwaka 1904, na iko aina iitwayo Mibirizi hata leo; lakini kahawa haisongwi ikawa ugali.

Kwa maoni yangu viwanja vya ndege na vianze na mafuta yaliyotumika, si na mashamba yetu. Juzi nikamwuliza mkaanga viazi mmoja wa Kamembe ayapeleka wapi mafuta yake yakishakuwa meusi. Akacheka, akanionyesha mtaro.